Seva ya Linux ipo nyumbani ila ukiwa nje huifikii? Kabla hujagusa ruta tafuta kwanza paketi (kifurushi kidogo cha data) inafia wapi

Paketi Moja (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi.

Huu uzi nauandika kwa sababu swali hili linarudi kila wiki na jibu linakuwa lilelile, "fungua porti kwenye ruta", mtu anafungua haifanyi kazi, anaambiwa afungue tena, mwisho anakata tamaa anarudisha vitu vyake kwenye kloudi ya watu. Mi mwenyewe nimekaa hapo wiki tatu nzima, na nilipokuja kujua tatizo lilikuwa wapi niliumia sana maana lilikuwa linaonekana kwa dakika mbili tu kama ningeangalia sehemu inayotakiwa.

Kisa chenyewe ni hivi. Nina kikompyuta kidogo nimekiwekea Debian (aina ya Linux), kinakaa kabatini hakina hata skrini, humo ndo kuna picha zote za familia, skani za vyeti vyetu, hati, kila kitu. Nikasafiri. Mama akapiga simu anataka nakala ya hati fulani na anaitaka siku hiyohiyo, hati ipo kwenye seva, seva ipo nyumbani, na pale nyumbani hakuna mtu anayeweza kuandika hata komandi moja. Yani kitu chako unajua kipo, unajua kipo folda gani, jina la faili unalikumbuka kabisa, na huna la kufanya. Nikaapa hiyo hali hainikuti tena.

Niliporudi nikaanza kazi. Nikaingia kwenye ruta, nikafowadi porti 22 (mlango wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa komandi ukiwa mbali) kwenda 192.168.1.50 ambayo ndo seva, nikahifadhi, nikarestati ruta, nikazima wifi kwenye simu nikajaribu kwa data: Connection timed out. Nikabadili nikaweka porti 2222, vilevile. Nikazima ufw, yani faiawoli ya seva, vilevile. Nikabadilisha hadi ruta nikaweka nyingine, vilevile.

Kilichonifumbua macho ni mstari mmoja kwenye ukurasa wa hali ya ruta, umeandikwa WAN IP, yani anwani ya ruta kwa upande wa nje. Yangu ilikuwa inaanza na 100.83. Nikarudi kwenye seva nikaandika hii:

curl -4 ifconfig.me

Hiyo inakuonyesha anwani ambayo intaneti inakuona nayo. Ikanijia nyingine kabisa. Sasa hapo ndo penyewe. Hizo mbili zikifanana, ruta yako ndo imeshika anwani ya umma na kufowadi porti kuna maana. Zikitofautiana, mara nyingi mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine ya mtu mwingine ambayo huna ruhusa ya kuigusa, na hata ufungue porti zote 65,535 kwenye ya kwako, mgeni anaishia kwenye lile geti la nje na pale mlinzi hajui kabisa kama wewe unaishi humo ndani.

Hiyo inaitwa CGNAT. Sababu yake ni uhaba tu, anwani za IPv4 (zile za aina ya zamani) ni bilioni 4.3 hivi basi, na mafungu ya mwisho makubwa yaligawiwa tarehe 3 Februari 2011. Watoa huduma wakaanza kurundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mwaka 2012 ikatengwa safu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255. Kwaiyo ukiona WAN yako ipo kwenye safu hiyo acha kuhangaika na ruta, njia ni nyingine na ntaieleza huko chini.

Lakini hata kama hauko huko, nawaomba sana msianze kubadilisha setingi kwa kubahatisha. Weka komandi hii kwenye seva, inaonyesha kila paketi inayofika na kutoka, iache wazi:

sudo tcpdump -ni any 'tcp port 22 and not host 192.168.1.10'

Hiyo 192.168.1.10 ni laptopu unayotumia kuingia, usipoitoa skrini itafurika trafiki yako mwenyewe. Alafu chukua simu, zima wifi, jaribu kuingia kwa data. Ukiona mstari wenye Flags [S] ujue hodi imefika mlangoni. Ukiona [S] kisha [S.] inarudi, seva imeitika. Ukiona [S] inajirudia mara tatu nne bila jibu, hapo faiawoli ya seva imeimeza. Ukiona [R.] papo hapo, paketi imefika ila hakuna programu inayosikiliza kwenye hiyo porti. Na usipoona chochote, kabisaaa, basi seva haina kosa lolote, paketi imefia njiani, kwenye ruta au kwa mtoa huduma.

Mi wiki tatu nilikuwa naikarabati seva ambayo haijawahi kupigiwa hodi hata mara moja.

Mzee wa Terminali

Uzi mzuri mkuu. Naongezea la chini kabisa ambalo watu wanaliruka. Kabla ya tcpdump andika

sudo ss -tlnp

uangalie ile safu ya anwani. Ukikuta 127.0.0.1:8080 maana yake programu inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, hata mtu wa chumba cha pili kwenye wifi hiyohiyo hawezi kuifikia, sembuse aliye nje. Inatakiwa isome 0.0.0.0 au anwani ya seva yenyewe, au nyota. Nimesaidia vijana wengi hapa na karibu nusu yao tatizo lilikuwa hapo, programu nyingi siku hizi zinakuja zimejifungia hivo makusudi kwa usalama, na ni jambo zuri, ila ujue.

La pili, ifungie seva anwani yake ya ndani. Nenda kwenye ruta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za ndani), chukua MAC ya seva (namba ya kadi yake ya mtandao) uifunganishe na IP moja. Usipofanya hivo siku ruta ikizima na kuwaka seva inaweza kupewa 192.168.1.53 na porti uliyofowadi inaelekea kwenye 50 ambayo sasa labda ni televisheni.

La tatu, usijaribu anwani yako ya umma ukiwa ndani ya nyumba. Ruta nyingi hazijui kuigeuza paketi inayotoka ndani kwenda nje na kurudi ndani, unaishia kuona ukurasa wa ruta yenyewe au hakuna kitu, unadhani imegoma kumbe kwa watu wa nje inafanya kazi vizuri tu. Jaribu kwa data ya simu kila mara.

Nuru_88

Asanteni wakuu. Mi WAN yangu haianzi na 100, inaanza na 192.168.100, na ruta yangu ndani inagawa 192.168.1. Hiyo nayo ni CGNAT?

Paketi Moja

Hapana Nuru, hiyo ni nafuu kidogo. Hizo za 192.168 pamoja na 10 na 172.16 hadi 172.31 ni anwani za ndani, haziendi popote kwenye intaneti. Kwa hali yako kuna uwezekano mkubwa kile kiboksi alichofunga mtoa huduma nacho ni ruta, alafu wewe ukachomeka ya kwako nyuma yake, kwaiyo mna ruta mbili moja nyuma ya nyingine. Ingia kwenye kile cha kwanza, mara nyingi ni 192.168.100.1, angalia chenyewe WAN yake inasomaje. Ikifanana na ile ya curl umepona, kiweke hali ya bridge (kiache kuwa ruta, kipitishe tu), au kama hakina, fowadi mara mbili, kutoka kiboksi kwenda ruta, kutoka ruta kwenda seva. Isipofanana bas tupo wote kwenye boti moja, nisubiri chini.

Kijiwaya

Nyie mnazunguka mno. Ingia kwenye ruta weka seva DMZ (porti zote zielekee kwake), zima faiawoli, maliza. Mi yangu ipo hivo mwezi wa sita sasa na inadunda.

Bintikeneli

Kijiwaya kaka yangu, naomba kwa heshima kabisa ufungue terminali sasa hivi uandike

sudo journalctl -u ssh --since today | grep -c Failed

urudi utuambie imetoka namba gani.

Kijiwaya

4,117

Hiyo ni nini?

Bintikeneli

Hizo ni mara ambazo leo peke yake kuna mtu, yani programu ya mtu, imejaribu kubahatisha paswedi yako. Hawakujui wala hawana shida na wewe, wanapita anwani zote za dunia moja baada ya nyingine, IPv4 nzima inaweza kupitiwa porti moja kwa muda mfupi sana ukiwa na laini nzito. Ukitoa hiyo -c utaona majina wanayojaribu, root, admin, test, ubuntu, pi. Siku watakapopatia huji kuona kitu, seva itaanza tu kuwa nzito.

Sikwambii uifunge. Nakwambia uingie kwa ufunguo badala ya paswedi. Kwenye laptopu:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id jina@192.168.1.50

Hakikisha unaingia bila kuulizwa paswedi ya seva, ndo uende /etc/ssh/sshd_config uweke PasswordAuthentication no. Na hapa sasa wakuu nisikilizeni vizuri maana hii imenikuta mimi. Niliandika no, nikarestati ssh, nikatulia miezi mitatu najua nimefunga. Siku moja kwa bahati tu nikajaribu kutoka kwenye mashine isiyo na ufunguo, ikaniuliza paswedi. Nilishtuka. Kumbe Ubuntu Server kuna folda /etc/ssh/sshd_config.d/ na humo mna faili 50-cloud-init.conf limeandikwa PasswordAuthentication yes, na SSH ikikutana na setingi mara mbili inashika ile ya kwanza kuisoma, na hilo faili linasomwa kabla ya maandishi yako ya chini. Kwaiyo usiamini ulichoandika, iulize seva yenyewe:

sudo sshd -T | grep -i passwordauth

Hiyo inakupa jibu la kweli, kile ambacho SSH inakitumia baada ya kusoma mafaili yote. Na unapofanya haya mabadiliko usifunge dirisha ulilonalo, fungua la pili ujaribu kuingia, likikubali ndo ufunge la kwanza.

Kijiwaya

Imeandika yes. Nimetoa DMZ kwanza, naweka ufunguo saivi. Asante dada, sikuwa najua kabisa.

Mzee wa Terminali

Kuna watu watakuja kusema badilisha porti ya SSH weka 2222 au 48000. Inapunguza makelele kwenye logi, hilo ni kweli na mi nafanya. Ila si kufuli. Kufuli ni ufunguo.

Paketi Moja

Haya, turudi kwa sisi tulio nyuma ya CGNAT. Wazo ni moja tu: kama nje hawawezi kuingia, basi seva ndo itoke. Seva ikianza yenyewe mawasiliano kwenda nje, mageti yote yanaruhusu jibu lirudi kwa njia hiyohiyo. Kwaiyo unahitaji sehemu moja huko nje yenye anwani ya umma isiyobadilika. Mi nilikodi VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ndogo kuliko zote waliyokuwa nayo, haihifadhi kitu, kazi yake ni kupokea tu, na kati yake na nyumbani nikachimba handaki la WireGuard (aina ya VPN, njia iliyosimbwa kati ya mashine na mashine). WireGuard imo ndani ya keneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020 kwaiyo hakuna cha kukompaili, unasakinisha wireguard-tools na unaendelea. Kitu ninachoipendea zaidi ni kwamba haijibu mtu asiyemjua, ukiipigia hodi bila ufunguo sahihi inakaa kimya kama vile porti haipo.

Kila mashine inatengeneza ufunguo wake:

wg genkey | tee siri | wg pubkey > umma

Wa siri hautoki kwenye mashine hiyo. Unaobadilishana ni wa umma.

Kwenye VPS, /etc/wireguard/wg0.conf:

[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (siri ya VPS)

[Peer]
PublicKey = (umma wa seva ya nyumbani)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32

[Peer]
PublicKey = (umma wa simu)
AllowedIPs = 10.8.0.3/32

Nyumbani:

[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = (siri ya nyumbani)

[Peer]
PublicKey = (umma wa VPS)
Endpoint = IP-ya-VPS:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Kwenye VPS fungua 51820 ya UDP, si TCP, wengi wanakosea hapo, na kama VPS ina faiawoli nyingine kwenye dashibodi yao fungua huko pia. Alafu washa net.ipv4.ip_forward=1 ili simu iweze kupita VPS kwenda nyumbani, na kama unatumia ufw pale kwenye VPS ongeza ufw route allow in on wg0 out on wg0, bila hiyo simu itaiona VPS ila nyumbani haitafika.

Ile PersistentKeepalive 25 usiiache. Geti la mtoa huduma linakumbuka mawasiliano ya UDP kwa muda mfupi tu, kukiwa kimya linafuta, na likishafuta huwezi kuifikia nyumbani mpaka nyumbani yenyewe ianze tena. Kila sekunde 25 seva inatuma kitu kidogo sana ili geti lisisahau.

Kosa langu lililonila usiku mzima: kwenye VPS niliandika AllowedIPs = 10.8.0.0/24 kwa wote wawili, nyumbani na simu, nikidhani ni sawa na kusema "hawa ni wa mtandao huu". Nyumbani ikawa inafanya kazi vizuri, nikaongeza simu kwenye lile faili, nyumbani ikapotea. Hakuna kosa popote kwenye logi. Ndo nikajua kwamba kwenye WireGuard kile kifungu kwa upande wa VPS ni orodha ya nani anakaa wapi, na anwani moja haiwezi kuwa na wenyeji wawili, anayeandikwa mwisho ndo anaichukua na wa kwanza ananyang'anywa kimyakimya. Kila mmoja apewe /32 yake, yani anwani moja tu. Ukiandika sudo wg show ukaona peer ana allowed ips: (none), umeliona tatizo.

Baada ya hapo ile hati ya mama naipata hata nikiwa njiani, kwa laptopu ni ssh -J jina@vps jina@10.8.0.2, kwa simu nawasha WireGuard nafungua 10.8.0.2 kama vile nipo sebuleni.

Nuru_88

Mkuu nimeangalia kile kiboksi, WAN yake inaanza na 100.91. Kwaiyo nina ruta mbili na CGNAT juu yake. Ila kwa maelezo haya nadhani nitaweza. Swali, kwanini nisiweke Tailscale tu? Jamaa yangu anatumia na anasema ni dakika tano.

Paketi Moja

Weka, wala usisite. Tailscale ndani yake ni WireGuard hiyohiyo, wao wanakusaidia kubadilishana funguo na kutafuta njia ya kupenya mageti, na njia ikigoma wanapitisha trafiki kwenye seva zao ikiwa imeshafungwa, hawaioni. Kama lengo ni wewe na familia kufikia seva, inatosha kabisa. Mi nilitaka kila kipande kiwe mikononi mwangu, ni hulka tu. Jambo moja usichanganyikiwe, Tailscale inagawa anwani kwenye safu ileile ya 100.64 hadi 100.127, kwaiyo ukiona 100 kwenye seva baada ya kuisakinisha si CGNAT. CGNAT inapimwa kwenye WAN ya ruta.

Bintikeneli

Na kwa anayetaka kuweka tovuti iwe wazi kwa kila mtu bila VPS kuna Cloudflare Tunnel, programu yao inatoka nyumbani inaenda kwao na wao wanapokea wageni. Inafanya kazi vizuri ila elewa unachokubali, usimbaji wa kivinjari unaishia kwao, yani kiufundi wana uwezo wa kusoma kinachopita. Kwa blogu sawa. Kwa skani za vyeti vya wazazi wangu, mimi hapana.

Wale wa Docker (programu ya kuendesha huduma ndani ya makasha) kwenye VPS nao, neno moja. Ukiandika -p 8080:80 Docker inaandika sheria zake zenyewe na ufw inarukwa, unaona ufw imefunga kila kitu kumbe 8080 ipo wazi kwa dunia. Andika -p 127.0.0.1:8080:80 alafu weka Nginx au Caddy (programu za kupokea wageni wa tovuti) mbele.

Mzee wa Terminali

IPv6, anwani za aina mpya ambazo hazina uhaba, mmeisahau wakuu. Kama mtoa huduma anakupa IPv6, seva yako ina anwani ya umma ya kwake peke yake na CGNAT haikuhusu hata kidogo. Andika ip -6 addr, ukiona anwani inayoanza na 2 au 3 ndo hiyo, ile ya fe80 ni ya ndani tu. Kinachobaki ni ruta, nyingi zinafunga IPv6 inayoingia, unafungua porti moja kwa anwani moja. Tatizo ni kwamba unapokuwa nje nako lazima uwe na IPv6, wifi nyingi za ugenini hazina. Mi natumia zote mbili.

Na wale wenye anwani ya umma inayobadilika, mnahitaji jina linaloifuata. Sakinisha ddclient, au weka komandi ya curl kwenye cron (ratiba ya komandi) iapdeti jina kila dakika tano. Weka TTL fupi, yani muda ambao wengine wanaikumbuka anwani ya zamani.

Msomaji wa Logi

Wakuu mi nina kitu cha ajabu. WAN na curl zilikuwa zinafanana mwanzo, nimefowadi, tcpdump inaonyesha [S] inaingia na [S.] inatoka, kwa maelezo ya mleta uzi hiyo maana yake seva imeitika. Ila simu bado inasema timed out.

Paketi Moja

Umesema "zilikuwa". Saivi je? Na tafadhali bandika mistari miwili mitatu ya tcpdump kama ilivyo, anwani ya simu ifiche.

Msomaji wa Logi

Saivi curl inaleta anwani ya nchi nyingine kwa sababu juzi niliweka VPN ya kulipia kwenye seva. Mistari:

eth0 In IP x.x.x.x.51022 > 192.168.1.50.22: Flags [S]
tun0 Out IP 192.168.1.50.22 > x.x.x.x.51022: Flags [S.]

Paketi Moja

Soma neno la kwanza la kila mstari mkuu. Imeingia eth0 (waya wa nyumbani), imetokea tun0 (handaki la VPN). Mgeni amegonga mlango wa mbele na wewe unamwitikia kupitia mlango wa nyuma kwa sauti ya mtu mwingine. VPN imejifanya ndo njia kuu ya kila kinachotoka, hata majibu. Ile simu haiwezi kupokea jibu kutoka anwani ambayo haikuipigia.

Dawa ni kuiambia seva kwamba kinachotokana na anwani yake ya ndani kirudi kwa ruta:

sudo ip rule add from 192.168.1.50 table 128
sudo ip route add default via 192.168.1.1 table 128
sudo ip route add 192.168.1.0/24 dev eth0 table 128

Jaribu. Ikikubali uziweke sehemu zitakazodumu, hizo zinafutika ukirestati.

Msomaji wa Logi

IMEKUBALI. Siku nne wakuu. Siku nne. Na jibu lilikuwa neno moja mwanzoni mwa mstari ambao nilikuwa nautazama tu.

Nuru_88

Narudi kutoa taarifa. Mwisho nikaenda na VPS na WireGuard, nilitaka nielewe. Jana usiku iliwaka, nimekaa nje kwa data ya simu nimeangalia picha za bibi zilizo kwenye seva, sikuamini. Ila leo umeme umekatika ukarudi, na seva imewaka, intaneti ipo, handaki halipo. Nikiwasha kwa mkono wg-quick up wg0 inakubali mara moja.

Paketi Moja

Hongera sana. Mambo mawili hapo. Kwanza, ulifanya hii?

sudo systemctl enable wg-quick@wg0

Pili, kwenye Endpoint uliandika IP au jina?

Nuru_88

Enable nilifanya. Endpoint nimeandika jina la domeni.

Paketi Moja

Basi ndo hapohapo. Umeme ukirudi seva inawaka haraka kuliko ruta, wg-quick inaamka inauliza jina lile linakaa anwani gani, DNS haijawa tayari, inashindwa na haijaribu tena. Ukiangalia systemctl status wg-quick@wg0 utaikuta imeandikwa failed. Weka IP ya VPS moja kwa moja, VPS haihamihami. Alafu restati seva yote, usirestati huduma peke yake, na ikiwezekana ruta nayo ichomoe uwashe pamoja na seva ili iwe kama umeme ulivyorudi.

Nuru_88

Nimeweka IP. Nimechomoa vyote viwili, nimehesabu mpaka thelathini, nimechomeka, nimetoka nje na simu. Nipo kwenye VPS naangalia wg show, mara ya mwisho nyumbani kuitika:

latest handshake: 14 seconds ago